Mkuki Uliorithiwa: Fallout, Fallout 2 na Masimulizi ya Kitutu Kuhusu 1905 na 1908

Utangulizi

Masimulizi ya Kitutu kuhusu mwaka 1908 huanza na mkuki. Moraa Ng'iti, mwanamke aliyesifika kwa uaguzi na uganga, anawasuta vijana kwa kunyamaza mbele ya serikali mpya ya Waingereza. Otenyo, kijana ambaye kwa mujibu wa masimulizi mengi alilelewa naye, anauchukua mkuki na kwenda kumvizia Geoffry Northcote, ofisa ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Mchezo wa kompyuta uitwao Fallout 2, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1998, nao huanza na mkuki. Bibi Mkuu wa kijiji cha Arroyo anamwita mwanawe, anamweleza kwamba mimea inanyauka na mifugo inakufa, kisha anamtuma ugenini kutafuta dawa ya ukame. Silaha anayotoka nayo kijana huyo ni mkuki.

Kufanana huku ni kwa bahati tu, wala makala haya hayakusudii kudai kwamba watunzi wa California walipata kusikia habari za Kitutu. Jambo linaloziweka simulizi hizi mbili meza moja ni jingine. Zote mbili ni sehemu za pili. Fallout 2 ni mwendelezo wa Fallout, mchezo uliotolewa mwaka 1997. Nayo mapambano ya 1908 yalikuwa mwendelezo wa mauaji ya 1905, ambayo wengi wa wanaolitaja jina la Otenyo leo hawayataji. Swali linalochunguzwa hapa ni la kihakiki: sehemu ya pili ya hadithi huifanya nini sehemu ya kwanza? Je, huiendeleza, huihifadhi, au huifukia?

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba Kitutu inayotajwa hapa sasa imegawika. Kitutu Chache iko katika Kaunti ya Kisii, na Kitutu Masaba iko katika Kaunti ya Nyamira. Msimulizi wa habari za 1908 anaweza kuwa upande wowote wa mpaka huo, na mpaka wenyewe haukuwapo wakati mkuki uliporushwa.

Utanzu na hadhira yake

Mchezo wa uhusika, kama utanzu huu utakavyoitwa hapa, ulizaliwa mezani kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Dungeons & Dragons, uliochapishwa mwaka 1974, ulikuwa mchezo wa karatasi, kete na mazungumzo: mtu mmoja husimulia ulimwengu, wengine huvaa wahusika na kusema watakalofanya, na kete huamua kama jambo limefaulu. Kompyuta ilipomeza nafasi ya msimulizi, kanuni zilibaki zile zile. Katika Fallout mchezaji humuumba mhusika wake kwa kumgawia alama katika sifa saba: nguvu, wepesi wa hisi, ustahimilivu, mvuto, akili, ukakamavu wa viungo na bahati. Kutokana na sifa hizo hutoka yote yatakayomwezekea. Mathalani, mhusika aliyepewa alama chache za akili huzungumza kwa vipande vya maneno tangu mwanzo hadi mwisho, na wahusika wengine humjibu wanavyomjibu mtu wa namna hiyo. Kwa mhakiki wa fasihi jambo hili si dogo. Ni nadra riwaya kuwa na uwezo wa kuandikwa upya kulingana na namna mhusika mkuu anavyozungumza.

Msomi wa fasihi simulizi hatakosa kuona kwamba mipaka kati ya fanani na hadhira imevurugwa hapa. Mchezaji ni hadhira kwa kuwa hadithi imekwisha kutungwa. Ni fanani kwa kuwa bila yeye hakuna kinachosimuliwa. Hali hii si ngeni kwa yeyote aliyepata kukaa katika kikao cha emegano, yaani ngano za Wagusii. Wasikilizaji wa omogano wanajua jinsi ngano itakavyokwisha, lakini huitikia, huuliza, humsahihisha msimulizi, na mara nyingine humlazimisha apite njia nyingine. Tofauti iko katika mahali na watu. Omogano ulihitaji jiko la bibi, au egesarate, lile boma la ng'ombe ambamo vijana wa kiume waliishi pamoja wakilinda mifugo na kujifunza vita. Serikali ya kikoloni ilipoyapiga marufuku maboma hayo mwaka 1912 haikuwapokonya vijana silaha tu, iliwapokonya na ukumbi. Vibanda vya michezo ya video vya masoko ya Kisii na Nyamira, ambamo vijana hulipia mechi na kushabikia kwa sauti, ni ukumbi wa aina yake, ingawa kinachotawala humo ni kandanda wala si michezo ya uhusika. Fallout wengi waliijua kwa jina tu hadi mwaka 2024, tamthilia ya televisheni iliyotokana nayo ilipoanza kuonyeshwa.

Mchezo wa kwanza: hofu ya Msimamizi

Fallout ilitungwa katika kampuni ya Interplay na kikundi kilichoongozwa na Tim Cain, pamoja na Leonard Boyarsky na Jason Anderson. Msuko wake ni mfupi na umekazwa vizuri. Mwaka 2077 vita vya nyuklia vimeteketeza dunia. Watu wachache wamejificha katika mahandaki makubwa chini ya ardhi. Mwaka 2161, katika Handaki Namba 13, chipu inayoendesha mtambo wa kusafisha maji imeharibika, na Msimamizi wa handaki anamtuma mkaazi mmoja nje kuitafuta nyingine. Amepewa siku 150. Siku hizo zinahesabiwa kweli. Mchezaji anayezurura ataona watu wake wakifa kwa kiu na hadithi ikakatika. Anaweza kununua muda kidogo kwa kuwalipa wachuuzi wa maji wa mji wa Hub wapeleke shehena handakini, lakini saa haisimami.

Chipu inapatikana katika Necropolis, mji wa magofu wanamoishi watu waliochunwa sura na mnururisho. Hapa watunzi waliweka kitendawili cha kimaadili ambacho baadhi ya riwaya zinazosifiwa hazikithubutu. Maji ya watu hao yanategemea chipu ile ile. Mchezaji akiichukua na kwenda zake, anawaokoa wa kwao kwa kuwaua wengine kwa kiu. Ikiwa ana ujuzi na subira anaweza kuitengeneza kwanza pampu kuu ya mji. Mchezo haumlazimishi afanye hivyo. Unamwacha aondoke, na hesabu inakuja mwishoni, sauti ya msimulizi inapoeleza yaliyoipata kila jamii aliyoipitia.

Baada ya maji kupatikana hadithi inapanuka. Kuna jeshi la majitu linaloumbwa na kiumbe aitwaye Bwana Mkuu, ambaye anaamini kwamba ubinadamu utakoma kugombana iwapo watu wote watageuzwa kuwa aina moja. Mhusika anamshinda kwa silaha, kwa kulipua ngome yake, au kwa hoja. Akiwa ameupata ushahidi kwamba majitu hayo hayawezi kuzaa, anaweza kumwonyesha Bwana Mkuu kwamba taifa lake jipya litakufa na kizazi chake cha kwanza. Na Bwana Mkuu, akishindwa kujibu, anajiangamiza mwenyewe. Hasimu mkuu anaweza kuuawa kwa neno.

Kisha unafika mwisho ambao ndio uliompa mwendelezo mahali pa kuanzia. Shujaa anarudi nyumbani. Mlango wa handaki unafunguka kidogo, Msimamizi anatoka, anamshukuru, na kumkataza kuingia. Sababu yake ni ya mtawala: vijana wakimwona shujaa huyu watataka na wao kutoka. Aliyeiokoa jamii amekuwa hatari kwa jamii. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Fumo Liyongo, ambaye ushujaa wake ndio uliomtia mashakani mbele ya watawala wa Pate, na ambaye hatimaye alifikiwa kwa mkono wa mwanawe. Hata hivyo, Liyongo alichomwa sindano ya shaba. Shujaa wa Fallout anachomwa kwa shukrani. Anageuka na kwenda jangwani peke yake.

Mwendelezo: vazi lililogeuka kuwa mwiko

Fallout 2 ilitungwa kwa haraka ndani ya kitengo cha Interplay kiitwacho Black Isle. Cain, Boyarsky na Anderson waliondoka mapema mwaka 1998, kabla kazi haijakamilika, wakaanzisha kampuni yao. Mchezo unaanza mwaka 2241, miaka themanini baada ya ule wa kwanza. Shujaa aliyefukuzwa alikwenda kaskazini na wachache waliomfuata, akajenga kijiji cha Arroyo. Amekwisha kutoweka. Binti yake ndiye Bibi Mkuu wa kijiji, na mjukuu wake ndiye mhusika mkuu, aitwaye Mteule. Kijiji kinakauka. Mteule anatumwa kutafuta GECK, sanduku la mbegu na mitambo ya kufufulia ardhi, ambalo babu yake alijua habari zake handakini.

Katika mwanzo huu Fallout 2 inafanya jambo lililo bora kuliko lolote linalofuata ndani yake. Sare ya bluu na njano ambayo katika mchezo wa kwanza ilikuwa nguo ya kazi tu, iliyovaliwa na kila mkaazi wa handaki, sasa ni kitu kitakatifu kinachohifadhiwa hekaluni. Hakuna tena anayejua kwamba ilikuwa nguo ya kazi. Mteule anaivaa baada ya kupita majaribio, na anapotoka nayo duniani, wenyeji wa Jiji la Handaki, waliotoka katika handaki jingine na kuuhifadhi ustaarabu wao, wanamwona mshamba aliyevaa sare asiyoistahili. Kitu kile kile ni masalia matakatifu upande mmoja na wizi upande mwingine.

Mtiririko huu unampa mtunzi fursa ambayo mchezo wa kwanza haukuwa nayo, yaani kejeli ya historia. Katika maghala ya Jiji la Handaki kuna chipu za maji za ziada. Wakati wa kuyagawia mahandaki vifaa, sanduku lililokusudiwa Handaki Namba 13 lilipelekwa kwingine, nalo Handaki Namba 13 likapata GECK ya ziada badala yake. Kiu yote ya mchezo wa kwanza, safari yote ile, waliokufa Necropolis na kufukuzwa kwa shujaa, vyote vilitokana na kosa la karani wa stoo. Baadaye, akiwa ana kwa ana na mabaki ya serikali ya Marekani waliojificha katika mtambo wa mafuta baharini, Mteule anaelezwa kwamba mahandaki hayakujengwa kuwaokoa watu. Yalikuwa majaribio, na Handaki Namba 13 lilipangiwa kufungwa kwa miaka 200. Mwendelezo unarudi nyuma na kuubadilisha mwanzo. Haya ndiyo masihara makali kuliko yote katika mchezo uliojaa masihara mengi mno. Inafaa kusema wazi kwamba Fallout 2 inaudhi kwa wingi wa vichekesho vilivyodokolewa katika filamu na televisheni za wakati wake, na kwamba mji wa New Reno, pamoja na ufundi wake wote, umekaa mahali ambapo hadithi ilipaswa kuendelea.

Aidha, taharuki imelegea. Mganga wa kijiji, Hakunin, humtokea Mteule ndotoni akilia kwamba Arroyo inakufa, harakisha. Lakini Mteule amepewa miaka 13. Anaweza kwenda kucheza kamari na kuoa, na ndoto zitaendelea kulia bila ya kijiji kufa. Katika mchezo wa kwanza jamii haikulia, ilihesabu siku.

Kuna pia suala ambalo mhakiki wa Kiafrika hawezi kulipita. Katika miaka themanini tu, wazao wa watu waliojua kusoma na kuendesha kompyuta wamegeuka kuwa watu wa mifupa kichwani, mikuki, mganga na hekalu la majaribio. Kwa nini anguko la ustaarabu limevalishwa mavazi hayo? Jibu ni kwamba watunzi walipotaka kuonyesha kusahau, walichukua picha iliyokuwa tayari, ile ya sinema za kikoloni kuhusu Afrika, Bahari ya Kusini na Wahindi Wekundu. Kwao mkuki ni alama ya kupoteza kumbukumbu. Huko Kitutu mkuki ni kumbukumbu yenyewe.

Mwisho mmoja kati ya mingi

Tatizo la kinadharia la mwendelezo wa mchezo wa uhusika ni hili: mchezo wa kwanza una miisho mingi. Tandi, binti wa kiongozi wa kijiji cha Shady Sands, huenda aliokolewa mikononi mwa wanyang'anyi, huenda aliachwa. Mji wa Junktown huenda uliangukia mkononi mwa mfanyabiashara wa kamari, huenda haukuangukia. Kila mchezaji ana Fallout yake. Mwendelezo hauwezi kuanza kutokana na zote. Hapana budi uchague.

Fallout 2 ilichagua, na ilifanya uchaguzi huo mahali pa ajabu: ndani ya kijitabu cha maelekezo kilichofungwa pamoja na mchezo. Humo shujaa wa kwanza anaandika kumbukumbu zake kwa nafsi ya kwanza. Anasema ni nani aliyemwokoa, ni mwenza yupi aliyekufa na wapi. Mbwa ambaye maelfu ya wachezaji walimfikisha mwisho wa safari akiwa hai, kwa taabu kubwa, kijitabuni amekufa. Tandi ameokolewa, na ndani ya mchezo wa pili tunamkuta mzee mwenye mamlaka, rais wa jamhuri iliyokua kutokana na kile kijiji chake. Kinachostahili kutiliwa maanani ni kwamba uteuzi huo uliandikwa. Masimulizi yalikuwa mengi kadiri ya wachezaji. Maandishi yakateua moja, na lililoandikwa likawa ndilo lililotokea.

Ezra Kezilahabi, alipoandika Nagona (1990) na kuifuatisha na Mzingile (1991), aliukwepa mtego huu kwa njia nyingine. Riwaya ya pili hailazimiki kuiteulia ya kwanza mwisho kwa kuwa ya kwanza haikuutoa, na msomaji anatoka katika magofu kuingia katika magofu bila ya mtu kumwonyesha hati. Mchezo wa kibiashara haukuwa na uhuru huo.

1905, hadithi isiyo na shujaa

Sasa turejee Kitutu. Kabla ya Waingereza kuimarisha utawala wao, Wagusii walikuwa na kumbukumbu ya ushindi mkubwa: vita vya Saosao vya miaka ya 1890, walipowashinda Wakipsigis. Mapokeo huuhusisha ushindi huo na mashauri ya Sakawa, mwonaji mkubwa kuliko wote katika historia ya Wagusii, ambaye pia hutajwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni weupe, kunyang'anywa silaha kwa wapiganaji, na kujengwa kwa mji mahali paitwapo Getembe, ndipo ulipo mji wa Kisii leo. Katika masimulizi Sakawa hakufa, alitoweka.

Mwaka 1905 serikali ilituma msafara wa kijeshi na wa polisi katika nchi ya Wagusii. Wapiganaji waliushambulia kwa mikuki na ngao, nao ulijipanga mraba, katikati ukiwa na bunduki ya rashasha. Ofisa wa polisi W. Robert Foran alisimulia habari hiyo katika kitabu chake A Cuckoo in Kenya, kilichotoka mwaka 1936. Anaeleza jinsi bunduki hiyo ilivyofyatuliwa kwa muda mrefu hata ikawa moto wa kuunguza mkono, na jinsi maiti zilivyolala mamia nje ya mraba. Kisha vijiji vikachomwa na mifugo ikatekwa.

Northcote aliwasili mwaka 1907, kituo cha serikali kikafunguliwa Getembe. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa, akapona. Baadaye maishani alikuwa Gavana wa Hong Kong. Msafara mwingine uliletwa, watu wakauawa tena kwa wingi, vijiji vikachomwa tena, na safari hii hata London ilishtuka: Winston Churchill, wakati huo naibu wa waziri katika Wizara ya Makoloni, alihoji kwa maandishi haja ya kuendelea kuwaua kwa kiasi hicho watu wasioweza kujitetea. Otenyo, kwa mujibu wa masimulizi, alikamatwa, akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Dai la kukirejesha bado linasikika Kisii na Nyamira.

Mtu akizipanga habari hizi mbili kama msuko, ya pili haieleweki bila ya kwanza. Waliomsikiliza Moraa mwaka 1908 walikuwa watu waliokwisha kuiona rashasha. Walijua. Ukimya wa vijana aliowasuta Moraa haukuwa woga wa watoto, ulikuwa maarifa ya miaka mitatu. Na suto lake linapata uzito wa kutisha tukijua kwamba naye alijua. Lakini masimulizi yanayopendwa, yale ya jukwaani, ya darasani na ya magazetini, huanza 1908. Huanza na Moraa aliyekasirika na kijana aliye tayari, kana kwamba ni mara ya kwanza. 1905 haina jina moja linalojulikana na kila mtu. Haina mwanamke anayetuma, haina kijana anayetumwa, haina mkuki mmoja uliofika ulikokusudiwa. Ina mraba na mamia.

Hapa ndipo ulinganishi na michezo unapotoa mwanga, na mwanga wenyewe unaelekea upande usiotarajiwa. Katika Fallout 2 sehemu ya kwanza imetukuzwa mno: sare yake imewekwa hekaluni, shujaa wake ana sanamu, na wazao wake wanaishi chini ya kivuli chake. Katika Kitutu ni kinyume. Sehemu ya pili imeimeza ya kwanza. Sababu ni ya kifani zaidi kuliko ya kisiasa, ingawa siasa haikosekani. Masimulizi ya kishujaa, sawa na mchezo wa uhusika, yanahitaji mtu mmoja mwenye sifa zake na uamuzi mbele yake. 1908 inaweza kuvaliwa: mtu anaweza kuwa Otenyo, mwanafunzi anaweza kumwigiza Moraa mbele ya shule nzima na wasikilizaji wakasisimka. 1905 haivaliki. Hakuna mchezaji atakayekubali kupewa mhusika ambaye, licha ya nguvu na bahati zake zote, atakimbilia mraba huo na kufa hatua hamsini kabla ya kuufikia, na jambo hilo litokee vivyo hivyo kila anaporudia. Utanzu unaojivunia uhuru wa kuchagua hauna la kusema mahali ambapo hakuna cha kuchagua.

Neno na mkuki

Tofauti moja iliyobaki kati ya michezo miwili inahusu mwisho wake. Bwana Mkuu wa Fallout, kama ilivyoonekana, anaweza kushindwa kwa hoja. Fallout 2 imepanua mazungumzo kuliko mchezo wa kwanza, lakini imeweka mlangoni, mwisho wa yote, jitu lililovaa chuma liitwalo Frank Horrigan, ambalo halisikilizi. Mteule anaweza kuwashawishi wengine wamsaidie. Jitu lenyewe hapana budi lipigwe. Wachezaji wengi wameliona hili kuwa udhaifu, na kwa kipimo cha ufundi wana haki, kwa sababu mhusika aliyeumbwa kwa ulimi hulazimishwa ghafla kuwa mpiganaji. Kwa kipimo cha historia, hata hivyo, kuna ukweli mchungu ndani ya udhaifu huo. Dola iliyomtuma Horrigan ilikuwa na watu wa kuzungumza nao, ofisini. Aliyewekwa mlangoni hakuwa wa mazungumzo.

Masimulizi ya Wagusii yamezibeba njia zote mbili bila kuziteua. Sakawa, katika mapokeo, ni neno: aliona, akaonya, akatoweka. Moraa ni neno linalogeuka kuwa mkuki. Imani ya Mumbo ilipoenea Ugusii kutoka kwa Waluo, na hasa baada ya Wajerumani kuingia mji wa Kisii mnamo Septemba 1914, watu walimngojea Sakawa arejee na wazungu waondoke, na hapo neno lilisimama tena mahali pa mkuki. Kwa hiyo historia hii ina mwendelezo wa tatu, na inafanana na michezo kwa jambo moja la kando: Fallout 3 nayo, iliyotoka mwaka 2008, ilitungwa na watu wengine kabisa, baada ya hati kuuzwa, katika upande mwingine wa nchi.

Kinachokosekana ni lile ghala la Jiji la Handaki, mahali ambapo sehemu ya pili inafungua sanduku na kuikuta sababu ya sehemu ya kwanza. Kwa 1905 masanduku hayo yapo, katika nyaraka za serikali na katika kurasa za Foran, lakini yaliandikwa na waliokuwa ndani ya mraba. Simu za maandishi zilizopelekwa London mwaka 1908 zinaonyesha namna ya kuandika iliyokuwa kawaida yao: ng'ombe waliotekwa walitajwa kwa tarakimu kamili, hadi yule wa mwisho, mbuzi na kondoo vivyo hivyo, na waliouawa wakatajwa kwa kadirio.